Nimepewa kuigiza Ophelia, dairekta anataka "kichaa cha kuonekana". Hivi kichaa stejini kinatambulikaje?

Binti_wa_Ilala ameandika:

Habarini wadau, wakubwa shikamooni. Naomba msaada wenu maana mazoezi yanaendelea na mimi nimekwama sehemu moja.

Kikundi chetu tunaandaa Hamlet, ule mchezo wa Shakespeare, kwa Kiswahili, tumetafsiri wenyewe kidogo kidogo tangu mwaka jana, na mimi nimepewa Ophelia. Mpaka pale baba yake anapouawa sina shida. Shida inaanza ile sini anaingia akiwa ameshachanganyikiwa, anaimba, anagawa maua. Dairekta wetu, ambaye namheshimu na kanifundisha mengi, anataka nichane nguo, nywele timtim, nitoe macho, nicheke kwa nguvu na nikimbie huku na huku. Anasema mtazamaji wetu asipoona hivyo hatajua kama huyu dada kashakuwa kichaa. Juzi nikafanya vile alivyosema, wenzangu waliokaa pembeni wakacheka. Hawakuwa na nia mbaya, ila walicheka kama tunavyochekaga kichaa kwenye bongo muvi, na mimi nikashindwa kuendelea, nikaomba niende chooni nikakaa huko muda.

Niseme ukweli kwa nini iliniuma. Kwetu tulikuwa na mama mdogo aliyeugua akili mimi nikiwa darasa la tano. Hakuwahi kuchana nguo. Alikuwa anafagia uwanja, anamaliza, anaanza tena upya, na ukiongea naye anakujibu vizuri tu mpaka ghafla anakuuliza, "mgeni amefika?" na hakuna mgeni yeyote anayetegemewa. Watoto wa mtaani walikuwa wanamwita kwa hilo swali, "mama, mgeni amefika!", na yeye anatoka mbio kwenda getini. Sasa nikiambiwa niigize kichaa naona yule ndiyo picha niliyonayo na siyo hii ya kutoa macho.

Maswali yangu: ndani ya mchezo wenyewe kichaa ni nini, nani anaamua kwamba fulani ni kichaa? Na Hamlet ni kichaa au anajifanya? Na nifanyeje watu waelewe bila kucheka? Naomba mawazo, hata ya kunikosoa nayapokea.

---

Mwl_wa_Fasihi ameandika:

Marahaba binti yangu. Swali lako ni zuri na mchezo wenyewe unaliuliza, maana Polonius, baba yako wewe Ophelia, anasimama mbele ya mfalme na malkia anataka kueleza ugonjwa wa Hamlet, akifika kwenye kusema kichaa hasa ni nini anaishia kusema kichaa ni kuwa kichaa basi. Anazunguka pale pale. Na ni mtu wa kwanza kuwa na uhakika kwamba anajua chanzo, anasema ni mapenzi, kijana amekataliwa na binti yangu.

Sasa fuatilia na wengine wanasemaje. Malkia Gertrude anaona chanzo ni kifo cha baba na yeye kuolewa haraka haraka. Claudius, yule mfalme aliyemuoa malkia, baada ya kujificha na kumsikiliza Hamlet akiongea na wewe anasema wazi kwamba maneno yale hata kama hayakupangika sana hayakuwa ya kichaa, na kuanzia hapo anamwona ni hatari na anapanga kumpeleka Uingereza. Halafu Gertrude huyo huyo, Hamlet akishamuua Polonius, anamwambia mumewe kwamba kijana amechafukwa kama bahari na upepo vinavyopigana. Mchimba kaburi naye mwishoni anasema alipelekwa Uingereza kwa sababu ana kichaa, na akiwa nacho kule hakitaonekana maana huko wote wako hivyo hivyo. Kila mtu anakitafsiri kichaa kwa jinsi kinavyomgusa yeye. Hakuna daktari kwenye mchezo huu, hakuna anayempima mtu, kuna watu wenye maslahi yao na mgonjwa katikati.

Hamlet mwenyewe alishawaambia rafiki zake usiku ule alipotokewa na mzuka wa baba yake kwamba atavaa tabia ya ajabu ajabu, wasishangae. Kwa hiyo amepanga. Lakini usikimbilie kusema anajifanya tu ikaisha, kwa sababu mzuka ule mwanzoni waliuona watu wengine, walinzi na Horatio, ila kwenye chumba cha mama yake anauona peke yake na mama anasema haoni kitu. Mwandishi kaiacha hapo.

Nakuja kwenye lako. Soma vizuri ile sehemu unakuja mbio kwa baba yako kumwambia Hamlet kaingia chumbani kwako. Unamwelezeaje? Koti halijafungwa vifungo, hana kofia, soksi chafu zimeshuka mpaka miguuni, kapauka, magoti yanagongana. Umeona? Ile picha anayoitaka dairekta wako, ya nguo ovyo, mchezo umempa Hamlet, yule aliyesema atajifanya! Watu wa London wa wakati ule walikuwa wanazijua hizo alama kama sisi tunavyozijua za kwetu, na mtu anayetaka kuaminika ni kichaa anazitumia hizo hizo. King Lear, mchezo mwingine wa Shakespeare, ni hivyo hivyo, Edgar anayejifanya kichaa ndiye anayejipaka uchafu, anasokota nywele na kubaki na blanketi kiunoni, kwa kuiga omba omba waliokuwa wanasema wametoka Bedlam, ile hospitali ya vichaa ya London.

Wewe hujifanyi. Kwa hiyo alama zako zitafutwe kwingine, kwenye maneno yako. Kabla hujaingia kuna bwana anamweleza malkia hali yako: anamtaja baba yake sana, anasema amesikia dunia ina hila, anajipiga kifua, anakasirikia hata vijiti njiani, maneno yake hayana maana kamili lakini wanaosikia wanayaokota na kuyashona yafanane na mawazo yao wenyewe. Hapo ndipo ilipo sini yako yote. Na malkia kabla ya kusikia hayo alikuwa amekataa kuonana na wewe. Anakubali kwa sababu anaambiwa maneno yako yanaweza kuwatia watu wabaya mawazo mabaya. Wanakuogopa binti.

---

Mzee_wa_Jukwaa ameandika:

Mwalimu nakuheshimu lakini hapa naomba nitofautiane na wewe kidogo, nimefanya tamthilia miaka mingi tangu enzi za mashindano ya shule na nimeona waigizaji wengi wazuri wanaua sini kwa kuogopa kuonekana. Ukumbi wetu mwingine hauna hata maiki, feni inapiga kelele, watoto wanalia, na wewe unataka kuigiza kichaa kwa kope za macho? Mtu wa nyuma haoni kitu. Lazima mwili useme.

Na hiyo hoja kwamba wanaojifanya ndio wenye nguo ovyo haisimami yote. King Lear mwenyewe haigizi, ameumwa kweli, na anavua nguo palepale kwenye mvua, baadaye anatokea amejivika taji la magugu. Na Ophelia huyo huyo, nenda kwenye chapa ya kwanza ya 1603, ile fupi ambayo wataalamu wengi wanaiita mbovu, kuna maelekezo anaingia anapiga kinanda cha nyuzi, nywele ameziachia, anaimba. Nywele kuachiwa kwa mtoto wa kike wa wakati ule mbele ya mfalme ilikuwa ni alama kubwa, kila aliyekaa au kusimama pale ukumbini alielewa. Chapa ya 1623 inasema tu anaingia akiwa amechanganyikiwa, kwisha habari, inakuachia wewe. Kwa hiyo dairekta wako hajakosea kutaka alama. Alichokosea ni aina ya alama.

Lear havui nguo kwa sababu vichaa huvua nguo. Anavua kwa sababu amemwona Edgar uchi kwenye baridi, amewaza, akauliza binadamu ndiyo huyu tu, mbona sisi tumeazima manyoya na hariri za wanyama, basi na tuvirudishe. Ni wazo! Kuna sababu, na inafuatika hatua kwa hatua. Anachokosa ni breki. Ndiyo maana kule mwanzo anaomba mbingu zisimwache arukwe na akili halafu mtazamaji anaona inakuja taratibu kama mtu anayeshuka ngazi gizani. Mimi nikimfundisha mtu kuigiza kichaa namwambia kila unachofanya uwe na sababu kabisa kichwani mwako, na sababu hiyo iwe ya kweli kwako, usitafute kuonekana huna akili. Mama yako mdogo alikuwa anafagia kwa sababu mgeni anakuja. Kama mgeni anakuja lazima pafagiliwe. Wapi hapo hakuna akili?

Kuhusu wenzako kucheka, yule mwigizaji mkubwa wa Uingereza Ellen Terry aliyecheza Ophelia London mwishoni mwa 1878 aliandika mwenyewe kwamba alikwenda kwenye hospitali ya vichaa kujifunza. Akavunjika moyo, wengi aliowakuta aliwaona wamezidi kuigiza, hawakumfundisha kitu. Anataka kuondoka akamwona binti mmoja mwembamba anatazama ukuta tu. Akaenda kusimama kati yake na ukuta aone uso, uso hauna kitu, ila mwili wote unasubiri. Ghafla yule binti akainua mikono na kukatiza chumba mbio kama mbayuwayu. Terry anasema hakusahau. Sasa hebu fikiria wewe na mama yako mdogo na huyo mgeni, halafu fikiria huyo binti anayesubiri. Unayo tayari, dada. Usitafute bongo muvi.

---

Nesi_wa_zamu ameandika:

Mimi siyo mtu wa sanaa ila mada imenigusa nimeshindwa kupita. Nafanya kazi wodi ya afya ya akili, hospitali sitaitaja.

Kwanza pole kwa ya mama mdogo. Pili, angalieni maneno yetu wenyewe. Mwendawazimu, ukilikata neno unakuta wazimu, na wazimu ni wale wale wa mzimu na kuzimu, yaani mtu anayetembea na mizimu. Majununi imetoka Kiarabu, mtu wa majini. Kupagawa, kupanda mashetani. Halafu kuna kurukwa na akili, kana kwamba akili ni ndege imeruka ikaacha kiota. Kwa hiyo kabla hujafungua mdomo stejini, mtazamaji wako ana jibu lake tayari, kuna atakayesema huyu karogwa, mwingine huyu ana jini la baharini mpelekeni kwa mganga, mwingine ni mawazo ya kufiwa. Mwalimu kasema watu wanakishona kichaa kwa mawazo yao, basi hata ukumbini itakuwa hivyo hivyo, na sidhani kama ni vibaya.

Ninachoomba ni kitu kimoja. Wagonjwa wangu wengi sana hawapigi kelele. Ninaloliona mara kwa mara ni mtu anayejitahidi kupita kiasi aonekane mzima. Anakusalimia kwa heshima, anakuuliza watoto hawajambo, anakunja shuka kona kwa kona, na wewe ukikaa naye dakika kumi unagundua anatetemeka kwa jinsi anavyoshikilia asidondoke. Ndugu zake wakija wanaongea juu ya kichwa chake kana kwamba hayupo, "anakula?", "analala?", na yeye yupo hapo hapo anasikia. Hili la mwisho ndilo linaloniuma kuliko yote kazini. Kama kwenye mchezo wenu mfalme na malkia wanaongea habari za Ophelia yeye akiwa pale, basi naomba asikie. Aonekane anasikia.

Na Hamlet sitampa ugonjwa wowote, watu mitandaoni wanapenda kumpa majina ya kitabibu, mara huyu ana hiki mara kile. Hakuna mgonjwa pale, kuna maandishi, na huwezi kumhoji.

---

Kijana_wa_sheria ameandika:

Naongeza dogo tu kwa upande wa mahakama, maana kuna watu wanachanganya kichaa cha hospitali na kichaa cha sheria. Sheria haiulizi umevaaje wala ugonjwa wako unaitwaje, inauliza kama wakati unatenda ugonjwa wa akili ulikuzuia kujua unachofanya, au kujua kwamba hupaswi kukifanya. Hiyo imetoka Uingereza kwenye kesi ya Daniel M'Naghten 1843, alimpiga risasi katibu wa waziri mkuu, na wazo hilo ndilo liko kwenye kanuni za adhabu za huku kwetu Tanzania na Kenya pia. Na kila mtu anahesabiwa ni mzima mpaka ithibitishwe vinginevyo.

Sasa Hamlet kabla ya pambano la mwisho anamwomba Laertes, kaka yake Ophelia, msamaha kwa kusema siyo Hamlet aliyekukosea, ni kichaa chake, na Hamlet naye ni mmoja wa waliokosewa na hicho kichaa. Mimi kama mwendesha mashtaka ningesimama hapo hapo. Kijana aliyewaambia rafiki zake atajifanya, aliyemwambia mama yake kwa mdomo wake usiku ule aliomuua Polonius kwamba hana kichaa bali ni ujanja, leo anajitetea kwa kichaa? Polonius amekufa. Ophelia amekufa. Na Ophelia, ambaye kweli hakuwa na akili zake, ndiye anayebishaniwa kaburini kama anastahili kuzikwa kikristo. Mwanaume kapata utetezi, mtoto wa kike kapata mazishi nusu nusu. Hilo huwa linanikera kila nikisoma.

---

Mwl_wa_Fasihi ameandika:

Mzee wa Jukwaa nakubali ulivyonirekebisha, hasa hiyo ya Lear. Kijana wa sheria hoja yako nzito, nitaipeleka darasani wiki ijayo.

Binti, jambo moja la lugha kwa sababu mnatafsiri. Hamlet anapojifanya kwa watu anaongea nathari, akibaki peke yake anarudi kwenye shairi lenye mizani. Ophelia akiwa mzima anaongea kwa mizani na sentensi zake nyingi ni za kukubali, nitatii, sijui nifikirie nini bwana wangu. Akishachanganyikiwa anaongea nathari na nyimbo. Mkitafsiri yote kwa nathari mtakuwa mmefuta alama kubwa kuliko nywele. Sehemu za mwanzo zipeni mizani hata nane nane, halafu pale mizani ivunjike. Sikio la Mswahili linajua shairi likivunjika, hata la mtu asiyejua kusoma.

Na mwangalie anachoimba. Msichana aliyekuwa anaambiwa na baba na kaka nani wa kumpenda na nani wa kumkimbia, sasa anaimba mbele ya mfalme habari ya binti aliyeingia chumbani kwa mwanaume na kutoka si binti tena. Hajawahi kusema maneno hayo akiwa na akili. Laertes akimsikiliza anasema maneno haya yasiyo na maana yana maana kuliko yenye maana.

---

Mtoto_wa_Tanga ameandika:

Salaam aleikum. Maua mmeyafanyaje? Kwa sababu rosemary na hayo mengine watu wetu hawana habari nayo, labda shamari tu. Kwetu mwambao kuna kikuba, asumini, mrehani, kilua, mkadi vinashonwa pamoja, mwanamke anajifunga kifuani, ni kitu cha harusi na cha mapenzi na chumbani. Mimi ningemwingiza Ophelia na kikuba, ametoka vizuri, kajipamba, nguo safi kabisa, anataka kuolewa na hakuna bwana harusi. Halafu anakinyofoa jani moja moja anawagawia. Hakuna mwanamke wa pwani atakayecheka hapo nakuapia, kwa sababu kikuba hakinyofolewi mbele za watu.

---

Mzee_wa_Jukwaa ameandika:

Mtoto wa Tanga umemaliza. Alama kubwa, mtu wa nyuma anaiona, na haimdhalilishi mtu. Tena inanikumbusha Paris 1827, kikundi cha Waingereza kilikwenda kucheza Hamlet kwa Kiingereza, Ophelia alikuwa Harriet Smithson, na Wafaransa wengi ukumbini hawakuwa wanaelewa lugha lakini kwenye sini ya kichaa walilia, hata mwanamuziki Berlioz aliyekuwa amekaa humo alimpenda kuanzia usiku ule na baadaye akamuoa. Maneno hawakuyapata, walipata mwili na vitu alivyoshika.

---

Binti_wa_Ilala ameandika:

Wakubwa zangu nashukuru sana, nimesoma yote mara tatu, na ya Nesi nimemsomea mama yangu maana ni dada yake tuliyekuwa tunamwongelea, akanyamaza kisha akasema "sisi ndio tulikuwa tunaongea juu ya kichwa chake".

Jana nikamwomba dairekta anipe nafasi moja tu nijaribu kwa njia yangu, akakubali. Hatukupata kikuba nikatumia leso yenye majani ya mrehani ya jirani. Niliingia nimevaa vizuri, nikaanza kupanga viti vya mfalme na malkia viwe sawa sawa, mfalme akikaa nakisogeza tena kidogo, kwa sababu kichwani mwangu baba anakuja na akipakuta hovyo atagomba. Wale wakaongea habari zangu, nikasimama nikawasikiliza mpaka wamalize. Ndipo nikaimba. Hakuna aliyecheka. Yule anayeigiza malkia alisahau mstari wake.

Dairekta alikaa kimya halafu akasema viti tubaki navyo, nywele tutaongea. Nimeona nikubali nywele, maana Mzee kasema zina asili yake.

Ila bado nina moja. Ule mmea mchungu, wa majuto, Ophelia anasema huu wako na mwingine wangu mwenyewe, lakini maandishi hayasemi anampa nani. Wengine kikundini wanasema Gertrude, wengine wanasema mfalme. Mimi moyo wangu unaniambia malkia, kwa sababu ni mwanamke mwenzangu pekee kwenye mchezo mzima na ndiye aliyekataa kuniona. Nyie mngempa nani?